Ishirini hadi Ishirini na Nane

Miaka thelathini na moja bandarini
nimehesabu mizigo ya watu:
ngano, mabati, matairi,
magari yasiyo na namba yakishuka melini kama mbuzi.
Kilichopita mbele yangu nilikipigia alama,
mistari minne, wa tano unaikata.
Moyo wangu haukuwahi kupita getini kwangu.
Nilidhani umeshalipiwa.

Sista Tumsifu, Hospitali ya Temeke,
akanifunga mkanda wa presha, ukabana, ukalegea,
akaandika namba mbili na hakuzipenda.
"Mzee Pazi, utembee. Ukizoea, ukimbie kidogo.
Ila uhesabu."
Akageuza bahasha ya dawa:
mia mbili ishirini, toa umri.
Toa hamsini na nane. Mia na sitini na mbili.
"Huo ni ukingo. Huko huendi.
Mgeni huanzia barazani, haanzii chumbani.
Anza na nusu yake, na usipite sehemu saba za kumi.
Tena haya ni makadirio, mwili ndio mwenye nyumba.
Kifua kikibana, acha kuhesabu, ita watu."

Nikaigawa kwa nne, kikarani:
kila robo dakika, mapigo ishirini
hadi ishirini na nane.

Saa kumi na moja na nusu, Chang'ombe.
Ukuta wa Uwanja wa Taifa bado wa baridi.
Raba ni za mwanangu, nimezijazia soksi mbili.
Vidole viwili chini ya taya,
gumba hapana, gumba lina mapigo yake, litakudanganya.
Kumi na nane. Huku ni kutembea tu.
Ishirini na mbili. Hodi.
Ishirini na tano, jasho la kwanza,
na bado naweza kuisema sentensi nzima
niliyoisema mara elfu chini ya winchi:
"Kontena la futi arobaini, mlango mzima, lakiri ipo."
Pumzi imetosha. Naendelea.

Jumamosi wakaja vijana wa jogingi wa Keko,
fulana za njano, filimbi, miguu themanini inatua kwa pamoja.
Wakanizunguka wakiimba, nikajikuta katikati
kama kontena lisilo kwenye orodha.
Mguu ukasahau mwaka wake.
Mita mia, mita mia tatu. Lo, utamu wake!
Mpiga filimbi, Mwinshehe, akageuka: "Baba, twende!"
Nikajaribu kumjibu.

"Konte...
        futi...
                mlango..."

Lakiri sikuiona.

Vidole shingoni: thelathini na saba.
Mara nne, mia na arobaini na nane.
Chumba cha watu ishirini na nane
wamejazana thelathini na saba, na wote wanagonga mlango.

Sikukaa chini. Sista alinikataza:
ukisimama ghafla damu hubaki miguuni, kichwa kikazunguka.
Nikajitenga pembeni, nikatembea
kama mtu anayetafuta ufunguo alioangusha.
Njano ikakata kona. Wimbo ukaenda nayo.
Niliona aibu? Niliona.
Iliishia kwenye thelathini na moja.
Kwenye ishirini na nane mama wa chapati,
uso ndani ya moshi wa mkaa, akasema shikamoo.
Kwenye ishirini na nne nikamwitikia, marahaba,
nikamuuliza hali, watoto, shule, bei ya unga,
nikafika mwisho wa kila neno.

Nyumbani Mwanahawa yuko mlangoni na kikombe.
"Leo umekimbia ngapi?"
"Ishirini na moja."
"Kilomita?"
Nikamtua kikombe, nikachukua vidole vyake viwili,
nikaviweka hapa.
"Hesabu."
Akafumba macho. Midomo ikawa inacheza.
Akapotea kwenye kumi na tatu,
akaanza upya.